Kipandauso cha Kuazima

Katika nyumba ile kulikuwa na wanawake watatu na kichwa kimoja. Mama alikuwa na chake juu ya shingo, na binti yake mkubwa vilevile, lakini ukisikia mtu anataja kichwa ndani ya kuta zile, ujue kinatajwa cha binti mdogo, Kitinda. "Kichwa kimeamkaje?" Mama aliuliza kila asubuhi kabla ya salamu. "Punguza redio, kichwa hakitaki." Kichwa kilikuwa na chumba chake, pazia lake zito, beseni lake la bati na kitambaa chake cha maji baridi. Kilichokosa ni kiti mezani tu.

Binti mkubwa waliyemwita Chuma hakuwa na chumba. Alikuwa nacho zamani, yeye na mdogo wake, mpaka siku Kitinda, akiwa na miaka kumi na miwili, aliporudi kutoka shule amelishika jicho la kushoto na kutapika mlangoni. Daktari akasema ni kipandauso, maumivu ya upande mmoja wa kichwa, na kwamba yakija anahitaji giza na utulivu. Godoro la Chuma likahamishiwa sebuleni kwa siku mbili tatu. Siku hizo sasa zimefika miaka ishirini na miwili, na godoro bado liko sebuleni, chini ya dirisha linaloangalia taa ya barabarani.

Chuma alimpenda mdogo wake, na hili lisemwe mapema kabla hatujamhukumu. Angempiga mtu yeyote ambaye angemtania kuhusu kichwa chake, na aliwahi kumpiga mmoja. Lakini alimwonea wivu, wivu wa kusaga meno. Hakuonea wivu ule uso mzuri wala kazi ya kukaa kwenye kiti. Alichokionea wivu ni mkono wa Mama. Kila kichwa kilipoamka, Mama aliingia kule gizani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaweka kiganja juu ya paji la uso la Kitinda na kukiacha pale saa nzima, saa mbili. Chuma alikuwa jikoni wakati huo, anaosha vyombo kimoja kimoja visigongane. Yeye hakuumwa kitu. Surua ilimpitia kwa siku mbili tu. Mama alimwita Chuma kwa kumsifu, na jina likamganda. Nani atamshika chuma paji la uso?

Kazi yake ilikuwa kuoka mikate. Alitoka nyumbani alfajiri, akakanda, akaumua, akachoma, na kabla ya mlango wa duka kufunguliwa alifuata kanuni ya tajiri wake: mkate wa kwanza wa trei ya kwanza hukatwa robo, na mwokaji huila palepale, amesimama, mbele ya tanuri. "Mwokaji asiyekula mkate wake," tajiri alisema, "anawauzia watu asichokijua." Kwa miaka kumi na mitano Chuma hakuwahi kuuza mkate asiouonja.

Basi mwaka ule kliniki ya mtaa wa pili ikatangaza utafiti. Daktari mmoja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alikuwa anatafuta ndugu wawili wawili wa tumbo moja, mmoja mwenye kipandauso na mwenzake mzima, apime damu zao na kuzilinganisha. Wenye kipandauso watakaokubaliwa wangepewa kwa mwaka mzima dawa ya kuzuia maumivu yasije, dawa ambayo Kitinda hakuwa na uwezo wa kuinunua. Na Kitinda aliihitaji kweli. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za vitambulisho katika ofisi ya wilaya, mwanga wa kamera ukimmulika machoni tangu asubuhi hadi jioni, na mkuu wake alikuwa ameshamwandikia barua ya pili. Ya tatu ingekuwa ya kumuaga.

"Dada, twende," Kitinda alisema. "Bila wewe hawanichukui. Wanataka jozi."

"Na mimi nitapewa nini?"

"Wewe? Wewe mzima, dada. Upewe nini tena?"

Chuma akacheka, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mfupa wa samaki.

Daktari aliwaeleza kwa lugha nyepesi. Mwili, alisema, una wajumbe wake wanaotembea ndani ya damu, ndio homoni. Kuna insulini, mwenye funguo, anayeifungulia sukari milango iingie mwilini. Kuna leptini, anayetoka kwenye mafuta kwenda kuuambia ubongo kwamba tumeshiba. "Sasa, kwa baadhi ya wenye kipandauso, hawa wajumbe wanaonekana wengi kuliko kawaida hata asubuhi mtu hajatia kitu mdomoni. Je, wao ndio wanaoyaamsha maumivu? Au maumivu ndiyo yanayowaita wao? Hatujui, ndiyo maana tunapima. Kwa hiyo sharti langu ni moja tu, na silirudii: siku ya damu, mje na njaa. Tangu usiku, maji peke yake. Ukila hata kipande, insulini inapanda na mimi nasoma uongo."

Siku ya damu ikafika. Chuma alikwenda kazini kwanza, kwa sababu unga haujui habari za utafiti. Akatoa trei ya kwanza. Ilikuwa mikate ya maziwa iliyopakwa asali juu. Akakata robo, akasimama mbele ya tanuri, akala. Alipokuwa anajilamba kidole cha mwisho ndipo akakumbuka.

Mpaka hapo hakuna wa kumlaumu. Mikono ilifanya ilichozoea. Njiani alijiambia atasema ukweli, watampangia siku nyingine, basi. Alifika kliniki ameshajiandaa kuchekwa.

Alimkuta Mama ameketi katikati ya benchi, mkono wake umemzunguka Kitinda mabegani. Muuguzi alipotoka na sindano, Mama akainuka nusu. "Huyu mdogo mumtoe polepole, tafadhali, damu yake nyepesi. Huyo mwingine hana neno. Huyo ni chuma, hata mkimtoboa kwa msumari."

Muuguzi akacheka. Mama akacheka. Kitinda naye, maskini, akatabasamu.

"Umekula chochote leo?" muuguzi akamuuliza Chuma.

"Sijala," akasema Chuma, na akanyoosha mkono.

Jumatatu iliyofuata daktari aliwaita wote watatu. Aliyageuzageuza makaratasi, akavua miwani, akaivaa tena. Insulini ya Kitinda, alisema, ilikuwa juu kidogo, kama alivyotarajia. Lakini ya dada yake ilikuwa mara nne ya hiyo. "Nakuuliza kwa mara ya pili. Ulikula?"

Hapa mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi kabisa. Chuma alimtazama Mama. Mama alikuwa amemgeukia yeye, uso mzima, macho yamemtoka, kiganja kiko kifuani. Chuma hakukumbuka ni lini mara ya mwisho aliangaliwa namna ile.

"Sikula, daktari."

"Kichwa je? Huwa kinakuuma?"

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hawakusema kwamba huteremka mlima. Chuma alikwishaanza kuteremka. Na maneno yote alikuwa nayo, ameyasikia kwa miaka ishirini na miwili kupitia ukuta. "Kinauma," akasema taratibu. "Upande mmoja. Kwanza naona vitu vinametameta pembeni mwa jicho, halafu mwanga unanichoma. Nilikuwa najikaza tu."

"Uuu, mwanangu!" Mama akasema, na akamshika mkono mbele ya watu.

Daktari akashusha pumzi. Basi jozi imevunjika, alisema. Katika jozi lazima mmoja awe mzima. Chuma apumzike wiki nzima, aandike maumivu yake yote, arudi apimwe vizuri kwa upande wa tiba. "Na wewe," akamwambia Kitinda, "pole sana. Mna ndugu mwingine?" Hawakuwa naye. "Orodha naifunga Ijumaa saa kumi. Baada ya hapo nafasi yenu inakwenda kwa wengine."

Kitinda hakulia. Alimshika dada yake kiwiko wakati wa kushuka ngazi. "Pole, dada. Kumbe miaka yote hiyo na wewe. Mbona hukuniambia? Tungelia wote."

Ndivyo Chuma alivyoingia katika chumba chenye giza. Mama mwenyewe alimhamishia Kitinda kwenye godoro la sebuleni, chini ya dirisha, akamtandikia Chuma kitanda, akavuta pazia. Jumanne Chuma alijishika jicho la kushoto na kuguna kidogo, na Mama akaja. Akaketi ukingoni. Akaweka kiganja.

Kilikuwa kikavu na chepesi, na kidole gumba kilikuwa kinasogea polepole juu ya nyusi, kwenda na kurudi, jambo ambalo mtu aliyesimama jikoni asingeweza kulijua. Kumbe kulikuwa na kidole gumba! Chuma alifumba macho. Alikuwa na furaha, na ndani ya furaha alikuwa na hasira, kwa sababu sasa alijua hasa alichokuwa amenyimwa. Akaanza kuhesabu: miaka ishirini na miwili, vichwa vitatu kwa mwezi, saa mbili kila kimoja. Hesabu ikamshinda. Akaguna tena.

Mama alimlisha supu kwa kijiko. Mama alimsimulia habari za utoto wake ambazo hakuwahi kuzisikia. Mama alimwambia mama wa jirani mlangoni, kwa kunong'ona, "Mkubwa anaumwa," na Chuma, huku ndani, aliyasikiliza maneno yale kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani aliofaulu.

Jumatano jioni Kitinda aliingia akinyata, bado amevaa nguo za kazini. Akafungua mkoba, akatoa karatasi ya dawa iliyobaki vidonge viwili. "Chukua, dada. Unakunywa mapema, pale unapoanza kuona vile vya kumetameta. Ukichelewa havisaidii."

"Na wewe je?"

"Mimi nimezoea. Wewe ndiyo kwanza unajifunza." Akacheka. "Na usikae na njaa. Mimi nikichelewa kula tu, kinaamka. Ngoja nikuletee kitu."

Mtu mwenye haya angesema pale pale. Chuma alivichukua vidonge, akavitia chini ya mto. Unataka kujua alichowaza? Aliwaza kwamba hata wema huu ni wa Kitinda, hata hapa Kitinda ameshinda, na Mama atakaposikia atasema, "Mmeona moyo wa mtoto huyu?" Kijicho kikishakaa moyoni, hata zawadi hukitonesha.

Alhamisi alikuwa amechoka kulala. Mwili wake, uliozoea magunia ya unga, ulimwasha. Aliwaza Ijumaa saa kumi, akageuka upande wa ukuta, akajiambia kwamba daktari atafanya utafiti mwingine mwakani, kwamba mkuu wa ofisi anatisha tu. Alijua anajidanganya. Mama alipoingia, akaguna.

Ijumaa saa nne asubuhi alikuwa amelala chali, kiganja cha Mama kiko juu ya paji la uso, kidole gumba kinakwenda na kurudi, aliposikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Kitinda alikuwa amerudi kutoka kazini, na saa hiyo hakupaswa kurudi. Hatua zilikuwa fupi fupi, zinapapasa. Kisha beseni likavutwa kutoka chini ya meza, na lilivutwa taratibu sana, sentimita kwa sentimita, lisikwaruze sakafu. Kisha kutapika. Hata huko kutapika kulikuwa kumebanwa, kama mtu ameziba mdomo kwa nguo.

Chuma aliijua sauti ile. Si ya maumivu. Ilikuwa ile sauti ya mtu anayejibana katika nyumba yake mwenyewe ili mgonjwa wa chumbani asisumbuke. Aliwahi kuitoa yeye, kwa vikombe na sahani.

Mama alisikia pia. Mkono ulisita, ukaanza kuinuka. Lakini Mama akautazama mlango, akamtazama Chuma, akaurudisha. "Tulia, mwanangu," akanong'ona. "Mwenzako amezoea. Wewe ndiye unayenitia hofu."

Hicho ndicho alichokuwa anakitaka. Si ndiyo? Aliwekwa wa kwanza. Mama amechagua, na mdogo wake yuko kule chini ya dirisha lenye jua kali, bila pazia, bila kidonge, na vidonge viwili vyenyewe viko hapa chini ya mto. Chuma alijaribu kuifurahia hali ile, kusema kweli alijaribu, na haikupita kooni.

"Mama," akasema. "Siumwi."

"Usijikaze tena, mwanangu. Kujikaza ndiko kulikokuponza."

"Sijikazi. Siumwi kitu. Sijawahi kuumwa kichwa hata siku moja. Ile asubuhi ya damu nilikula mkate. Nilisahau, nikala, halafu nikasema sikula."

Kidole gumba kikasimama.

"Na vile vya kumetameta?"

"Vya Kitinda. Nilivisikia kwake."

Chuma alingoja kelele. Badala yake Mama alianza kutetemeka. Alishuka kutoka ukingoni mwa kitanda mpaka magoti yakagusa sakafu, akafunika uso kwa mikono miwili, na Chuma akadhani amemuua. Kisha akasikia anachokisema, kwa haraka, kwa kukatakata. "Ahsante, Mungu. Ahsante. Hana kitu. Mtoto wangu hana kitu." Machozi yalikuwa yanapita kati ya vidole. "Mimi tangu Jumatatu sijala, sijalala. Nilimwambia Mungu siku ile ya kwanza, ulivyokuwa na miaka kumi na mitano, nikamwambia: umeshachukua kichwa cha mdogo, sikugombi, lakini hiki kimoja niachie. Usikiguse. Kila siku namkumbusha. Nikiosha vyombo, nikitembea, namkumbusha. Nikakuita chuma ili asikie. Halafu daktari anasema na wewe… Nikasema basi, amechoka kunisikiliza."

Chuma alikuwa amepiga hesabu ya saa zote zile za gizani, wala haikumjia kwamba zilikuwapo saa nyingine ambazo yeye hakuziona.

Mama akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akainuka, akavuta pumzi. Akamtazama binti yake mkubwa, aliyeketi kitandani na afya yake yote. Halafu akamzaba kofi. Lilikuwa kofi la haki, la mkono mzima, lililomgeuza kichwa upande.

"Mwenzako ana mpaka saa kumi," Mama akasema, na akatoka.

Chuma alikaa kidogo na sikio linalolia. Akachukua vidonge chini ya mto, akavuta pazia zito mpaka likatoka kwenye vyuma vyake, akalibeba begani mpaka sebuleni na kulitundika juu ya dirisha kwa misumari ya kalenda. Kitinda alikuwa amejikunja juu ya godoro, Mama amemshika. Chuma akapiga magoti, akamtia kidonge mdomoni, akamnywesha maji.

"Nilikula mkate," akamwambia. "Siku ile. Mimi mzima, Kitinda. Nilikuwa mzima siku zote."

Kitinda hakufumbua macho.

"Barua ya tatu iko kwenye mkoba," Kitinda akasema hatimaye. "Nimepewa leo. Sina kazi, dada."

Mama alikuwa anatazama sakafu.

"Nenda kamwambie daktari."

"Nitakwenda. Nikuoshee beseni kwanza, halafu…"

"Usinioshee kitu," Kitinda akasema, bado amefumba macho. "Nenda sasa hivi. Na usirudi kuniomba msamaha leo. Leo kinaniuma."

Chuma akavaa viatu. Barabarani jua lilikuwa kali na watu walikuwa na shughuli zao. Alitembea haraka, akipanga maneno atakayomwambia daktari, anayafuta, anayapanga upya. Shavu lilikuwa linamwaka. Hapo kati ya aibu na mbio likamjia jambo ambalo hangethubutu kumwambia mtu yeyote: katika maisha yake yote Kitinda hakuwahi kupigwa kofi na Mama, hata mara moja. Alilishika shavu lile mara mbili, mara tatu kabla ya kufika kliniki, kama mtu anayehakikisha kitu chake bado kipo.